Kata na Mtungi: Maji Katika Nyumba za Kisiwa Panza

Aghalabu mtu akiitaja Pemba huikumbuka mikarafuu na mvua. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hicho Al-Khudhra, yaani cha kijani, wala hawakukosea. Lakini kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani, kipo Kisiwa Panza, ambako mvua ni ile ile ya masika na vuli, na maji ni jambo jingine. Hapana mto. Mvua inayoanguka huzama upesi katika jiwe la matumbawe, na kwa karne nyingi tegemeo la watu lilikuwa kisima.

Yafaa tuanze na ardhi yenyewe, maana pasipo hiyo desturi za watu hazifahamiki. Chini ya kisiwa cha aina hii maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kidogo kuliko hayo. Wataalamu wamekadiria kwamba pale maji baridi yanapoinuka mita 1 juu ya usawa wa bahari, huteremka kiasi cha mita 40 chini yake. Hesabu hii ina upande wa pili: akiba ikishuka futi 1 kwa juu, mwishowe chumvi hupanda kiasi cha futi 40 kutoka chini. Basi anayeteka kwa pupa hakikaushi kisima, anakitia chumvi. Na kisima kilichoingia chumvi hakiponi kwa mvua ya siku moja.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wasemao kwamba wazee wa visiwani walibana maji kwa uchache wa vyombo tu. Ni kweli njia ya kisimani ilikuwa ndefu, na mzigo huo waliuchukua wanawake na watoto wa kike, jambo ambalo wasifuo utamaduni hulisahau mara nyingi. Lakini vyombo vyenyewe vilikuwa na elimu ndani yake. Kata ya kifuu cha nazi huchota kadiri ya haja. Katika mwambao wetu maji ya pepo yaliwekwa mtungini kwa kunywa na kupikia, na ya kisima cha chumvichumvi yakatumika kufulia. Maji ya kuogea yalielekezwa kwenye migomba nyuma ya ua. Hata chuoni mtoto alifunzwa kipimo: kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi, yaani chini ya lita 1 kwa udhu na kiasi cha lita 3 kwa kuoga. Leo ndoo ya lita 20 mtu huimaliza kwa koga moja.

Kisima kilikuwa pia mahali pa kukutania, au pa kukwepana. Huko Pujini, karibu na Chake Chake, katika magofu yanayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15, kipo kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Masimulizi husema wake zake wawili waliteka humo bila ya kuonana. Ukuta uliwatenga wake, maji hayakutengwa.

Mfereji ulibadili mambo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Zanzibar maji ya bomba, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wananchi waliyapata maji bila ya malipo kwa miaka mingi, hadi ilipoundwa Mamlaka ya Maji kwa sheria ya 2006 na malipo yakaja. Hiyo ilikuwa neema, na hatuombi kurudi kwenye mtungi kichwani. Ila mtekaji wa kisimani aliona kamba yake ikizidi kuzama, akaonja maji, akajua pa kukomea. Mfereji hauna kamba.

Nacho Kisiwa Panza kinazidi kubanwa: bahari imeingia katika mashamba ya mpunga, na wakazi wamepanda mikoko ufukweni ili kuizuia. Mikoko yaweza kulizuia wimbi. Chumvi ya chini ya kisima haipiti ufukweni.