Bibi na Njia ya Ujiji

Bibi yangu hakuwahi kutamka neno "mazoezi". Alfajiri alijitwika debe la mawese, ngata kichwani, shingo wima, akashika njia kwa miguu kutoka Simbo hadi Ujiji. Jioni alirudi na migebuka, pamoja na umbea wa sokoni, na huo, naamini, ndio uliomtuliza moyo kuliko dawa. Hukohuko Ujiji, mwaka 1871, mwanahabari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone amedhoofu; chakula na mazungumzo vikamrudishia nguvu, wakaenda pamoja kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Reli ilifika Kigoma 1914, ila kwa bibi miguu ndiyo iliyobaki behewa. Mimi? Bodaboda. Juzi nilijaribu njia yake, mikono mitupu. Nikaishia chini ya mchikichi, nikihema.