Afrika Kusini: Mikono iliyotenganishwa, lugha iliyobaki moja

Ubaguzi wa rangi uliwatenga watoto viziwi katika shule mbalimbali. Je, utengano huo ulizaa lugha nyingi za alama?

Tarehe 19 Julai mwaka 2023, Rais Cyril Ramaphosa alitia saini marekebisho ya katiba yaliyoifanya lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya 12 ya Afrika Kusini. Nyuma ya saini hiyo kuna mjadala mrefu wa wanaisimu, ambao Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg kilishiriki kwa kiasi kikubwa.

Chanzo chake ni shuleni. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba kiziwi afundishwe kwa matamshi, si kwa ishara. Uamuzi huo ulienea duniani. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, shule za viziwi ziligawanywa kwa misingi ya rangi na kabila. Katika shule za wazungu, watoto walishurutishwa kusoma midomo na kutamka maneno. Katika shule za Waafrika, ambazo serikali haikuzijali sana, mkazo huo ulilegea na ishara zikapata nafasi zaidi. Hivyo walionyimwa mengi ndio walioachiwa mikono yao.

Kati ya mwaka 1992 na 1994, Profesa Claire Penn wa Witwatersrand na wenzake walitoa kamusi ya ishara yenye juzuu tano. Neno moja liliweza kuwa na ishara kadhaa, kutegemea jamii. Ikiwa hizo zilikuwa lugha mbalimbali, kila moja ingeonekana ndogo mno kudai mwalimu, mkalimani au ulinzi wa sheria.

Lakini mwaka 1994, Penn na Mmarekani Timothy Reagan walieleza kuwa kinachotofautiana ni msamiati. Sarufi ni moja. Debra Aarons na Philemon Akach, mwanaisimu kutoka Kenya, nao walifikia hitimisho kama hilo. Mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma hutofautiana kwa maneno mengi, lakini hakuna asemaye kuwa Kiswahili ni lugha mbili.

Sheria ya shule ya mwaka 1996 iliitambua lugha ya alama kuwa lugha ya kufundishia. Mwaka 1998, Witwatersrand ilianzisha kituo cha taaluma za viziwi, na mwaka 2018 lugha hiyo ilitahiniwa kwa mara ya kwanza katika mtihani wa kumaliza sekondari.

Hata hivyo, tarehe 10 Disemba mwaka 2013, katika ibada ya kumkumbuka Nelson Mandela kwenye uwanja wa Soweto, mkalimani alisimama kando ya viongozi wa dunia akipunga mikono bila maana. Viziwi walitambua mara moja. Wenye kusikia walihitaji kuambiwa.

Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba yake ya mwaka 1995, na Kenya ikaifanya lugha rasmi ya Bunge mwaka 2010. Lakini katiba haimfundishi mtoto kusoma. Anayemfundisha ni mwalimu anayeijua lugha yake.