Kikomo, lakini cha saa ipi?

"Mwisho" ni neno la kila mtu. "Kikomo" ni la anayepanga. Kwenye klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja, msimamizi huweka kikomo ili kazi ya mmoja isiwazibie njia waliopanga foleni. Tabu inaanzia kwenye "kikomo cha muda". Kijana wa Rugaaga anayesomea kompyuta mjini Mbarara, Uganda, atafikiria saa ya ukutani, na Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye klasta, itakubaliana naye: kazi iliyoombewa dakika 30 ikizidisha, huamriwa iache, isipoacha huuawa. Amri ya Linux iitwayo ulimit -t huhesabu kingine: sekunde ambazo prosesa imeitumikia programu. Programu ikisubiri diski, hesabu imesimama. Ikizishughulisha prosesa nne kwa saa moja, imekula saa nne.

Aliyepanga foleni ya mgao kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale hahitaji somo refu la tofauti hiyo: asubuhi nzima amesimama juani, karani amemhudumia dakika mbili.

Basi tuseme "muda wa saa" na "muda wa prosesa", tusivichanganye. ("Kichakataji" sikichukii, ila mafundi wa simu mjini wanasema prosesa, nami niko upande wao.) Na kipimo kitajwe kila mara. Ukiiandikia Slurm 90 bila nyongeza, inasoma dakika. Ukiiandikia ulimit -t hiyo hiyo 90, inasoma sekunde.