Kamembe: Mji wa Mlango wa Ziwa Kivu

Anayetaka kuielewa Kamembe aanze na maji. Zama za kale Ziwa Kivu lilimwaga maji yake kaskazini, upande wa bonde la Naili, mpaka volkano za Virunga zikaiziba njia. Ziwa likajaa, likapata upenyo kusini. Upenyo huo ndio Mto Rusizi uteremkao hadi Tanganyika, na hapo mtoni ndipo Cyangugu ya Rwanda inapotazamana na Bukavu ya Kongo. Cyangugu iko chini, kandokando ya maji na daraja la mpakani. Kamembe imekaa juu kilimani, na soko lake, stendi yake na kiwanja chake cha ndege.

Penye mlango hapakosi wagombea. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru la Kongo walipiga kambi Shangi, kaskazini kidogo ya hapa. Jeshi la Rwanda lilipowavamia, lilizidiwa kwa bunduki. Miaka miwili baadaye Wajerumani nao wakaweka kituo huko huko Shangi, na Daktari Richard Kandt akajenga makao yake jirani, kabla hajaenda kuanzisha Kigali mwaka 1907. Ugomvi wa mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji wa Kongo ulimalizwa Brussels mwaka 1910. Kisiwa cha Ijwi kikaangukia kwa Wabelgiji, Nkombo kikabaki Rwanda, ingawa watu wa Nkombo hadi leo huzungumza Kihavu kama ndugu zao wa Ijwi.

Tukio linalonigusa kuliko yote ni la Novemba 1931. Wabelgiji, ambao kufikia hapo ndio walioitawala Rwanda, walimvua ufalme Mwami Yuhi Musinga, aliyekuwa amekataa katakata kubatizwa, wakamtawaza mwanawe Rudahigwa, na Musinga wakamleta Kamembe. Kati yake na ikulu ya Nyanza ulisimama msitu mzima wa Nyungwe. Mandhari ambayo leo wageni hulipia vyumba ili wayatazame, yeye aliyatazama kwa miaka mingi bila ruhusa ya kurudi kwake. Mwaka 1940 wakamhamishia Moba, huko Kongo, na huko akafia mwaka 1944. Historia hii ingepaswa kusimuliwa kwa kila mtalii kabla hajapanda boti.

Na ipo nyingine isiyoweza kurukwa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa michezo wa Kamarampaka, Kamembe. Humo watu waliitwa kwa orodha, wakatolewa, wakauawa. Maelfu waliopelekwa baadaye kambi ya Nyarushishi walinusurika.

Ziwa lenyewe linalisha mji. Sambaza, jamaa wa dagaa wa Tanganyika, walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha mwambao wote. Jioni mitumbwi hutoka mitatu mitatu, imefungwa sambamba kwa miti mirefu, taa zikining'inia juu ya wavu ili kuwavuta samaki, na wavuvi wakiimba kwa pamoja ili makasia yasipishane. Sambaza hukaangwa wazima mpaka wakauke, huliwa kwa pilipili, pamoja na mifupa na vichwa vyao.

Njia ya Kongo–Naili ya watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli, kilomita 227 kutoka Rubavu, inaishia hapa. Wengi wakifika huoga, hula, kisha hupanda basi la Kigali. Ni hasara. Nyungwe, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023, iko karibu, na sokwe wake. Kusini, bonde la Bugarama lina mpunga na chemchemi za maji moto. Halafu ipo Mibirizi, misheni ya mwaka 1903. Bustani zake ni miongoni mwa mahali pa kwanza kupandwa kahawa nchini, na aina ya mibuni iliyotoka hapo ikasambaa mikoani, ikiitwa Mibirizi mpaka leo.