Aliyemleta Twiga Aliitwa Nani?

Mama alipofika Nanjing, swali lake la kwanza lilikuwa kama huku kuna nazi. La pili: mbona mji mzima umetundikwa taa kama nyumba ya harusi? Mimi nasoma hapa, na nilikuwa nimewaahidi yeye na mpwa wangu wa miaka 7 kwamba wakija nitawapeleka kuona sherehe ya fanusi kwenye mto Qinhuai.

Basi usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza wa Kichina tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi Fuzimiao, hekalu la Confucius lililo kando ya mto. Polisi walikuwa wameweka vizuizi, watu wote wanaelekea upande mmoja, na ukishaingia hakuna kurudi nyuma. Mama alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye mtoto. Fanusi kila mahali: za maua ya yungiyungi, za sungura, za samaki warefu kama matatu, na zote zikijirudia majini. Mama akatazama juu ya mapaa, akasema, "Mwezi wa kumi na nne huo." Kwetu Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, mwezi mpevu tunauita hivyo. Wachina wanauhesabu wa kumi na tano. Mwezi ni ule ule.

Ghafla mpwa wangu akapiga kelele: "Bibi, twiga!"

Nikamwambia huyo si twiga. Ni qilin, mnyama wa hadithi za Kichina, mwenye magamba na kwato, ambaye husemekana hutokea tu zama za mtawala mwema. Mtoto akakataa katakata. "Ni twiga."

Kumbe hakuwa wa kwanza kuwachanganya hao wawili.

Mwaka 1414 twiga alifikishwa China kama zawadi kutoka Bengal. Watu wa ikulu walimtazama, wakasema huyu ni qilin. Akachorwa, na mwandishi wa ikulu, Shen Du, akaandika maneno ya kumsifu. Mwaka uliofuata, 1415, akaja twiga mwingine, safari hii na wajumbe wa nchi ambayo kumbukumbu za Ming zinaiita Malin. Wanahistoria wengi wanalisoma jina hilo kuwa Malindi. Huenda hata lugha ilisaidia: Wasomali humwita twiga geri, neno lisilo mbali na qilin.

Lakini usidhani watu wa ikulu walikuwa wajinga. Mfalme Yongle alikuwa amekitwaa kiti cha enzi mwaka 1402 kwa kumpiga vita mpwa wake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anahitaji dalili kwamba mbingu zimemkubali, na dalili yenye shingo ndefu kiasi kile huwezi kuificha.

Hata taa zilimfaa. Sherehe hii ni ya kale kuliko yeye. Zama za Tang, mji wa Chang'an ulifungwa kila usiku, milango ya mitaa ikakomewa, na ukipatikana nje una kesi. Usiku wa fanusi tu ndio amri ilipolegezwa, watu wakatembea hadi wachoke. Sisi tuliokimbizana na kafyu 2020 tunajua utamu wa usiku usio na askari. Yongle naye, mwaka 1409, aliwapa maofisa wake siku 10 za mapumziko kwa ajili ya sherehe hii. Wakati huohuo meli za Zheng He zilikuwa zinakwenda na kurudi Bahari ya Hindi.

Nikiwa pale mtoni, nikaanza kupiga hesabu. Mwishoni mwa 1416 Yongle alikuwa amerudi Nanjing. Wajumbe wa nchi nyingi, Malin ikiwemo, walipewa zawadi za kuagia, na Zheng He akaamriwa awarudishe makwao. Msafara huo uliondoka 1417. Kwa hivyo sherehe ya fanusi ya mapema 1417 huenda kabisa iliwakuta hapahapa, wakingoja meli. Watu wa pwani yetu, kwenye baridi hii, wakitazama mwezi wa kumi na nne.

Nilimsimulia mama haya tukiwa kwenye foleni ya tangyuan, vidonge vya unga wa mchele vyenye ufuta ndani. Alionja akasema ni kaimati iliyosahaulika kukaangwa. Kisha akanyamaza. Mambrui kuna kaburi la kale la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya kaure ya Kichina, na mwaka 2010 wanaakiolojia walichimbua huko sarafu ya zama za Yongle. Mama amelipita kaburi hilo maisha yake yote.

"Huyo aliyemleta twiga," mpwa wangu akauliza, "aliitwa nani?"

Sikuwa na jibu. Twiga ana mchoro na maneno ya sifa. Yongle ana kaburi la kifalme, Zheng He ana makumbusho. Waliotoka kwetu wamebaki na neno moja: wajumbe. Siku hizi twiga huyu hutajwa kwenye hotuba za urafiki wa Kenya na China, na kila mara husimuliwa kana kwamba alijileta mwenyewe. Lakini kuna mtu alimkatia majani baharini miezi mingi, akamtuliza mawimbi yalipochafuka. Mtu huyo alikuwa na mama.

Mama akasema, "Walikuwa na majina. Ni kwamba hawakuulizwa."

Tulipokuwa tukitoka akanunua fanusi ndogo ya yungiyungi, ile ya betri. Sasa imetundikwa barazani Mambrui. Stima zikipotea, mpwa wangu ndiye anayekimbia kuiwasha, na jirani akiuliza imetoka wapi, anaanza hadithi na yule mtu, siyo na twiga.