Fedha Iliyogeuka Rangi

Sarafu zinazoitwa za fedha kwa kawaida huwa za aloi, yaani mchanganyiko wa metali zilizoyeyushwa pamoja, kwa kuwa fedha tupu ni laini na hulika upesi mikononi mwa watu. Uingereza ilishika kwa karne nyingi kiwango cha sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, zilizobaki zikiwa shaba, isipokuwa katika miaka ya 1540, pale Mfalme Henry wa Nane alipoongeza shaba ili kugharimia vita, na sarafu zilipochakaa pua ya sura yake ikatangulia kuwa nyekundu, naye akabandikwa lakabu ya Pua ya Shaba.

Aibu hiyo ilirudi mwaka 1920, wakati bei ya fedha ilipopanda mno na Bunge likaamuru kiwango kishushwe hadi nusu. Sarafu mpya ziligeuka manjano au kahawia, na kosa halikuwa uzembe wa kukoroga, kama ule ulioziachia baadhi ya senti za Marekani michirizi mithili ya ile ya ubao, bali lilikuwa katika tabia ya metali zenyewe: fedha na shaba huungana zikiwa majimaji, lakini zikiganda hujitenga kuwa chembe ndogondogo, hizi zikiwa na fedha nyingi na hizi shaba nyingi. Kiwanda cha sarafu kiliificha shaba hiyo kwa kuvitia vipande vya aloi katika asidi kabla ya kuvigonga chapa, ili juu ibaki ngozi nyembamba ya fedha, ambayo bila shaka haikuweza kudumu. Nafuu ilipatikana mwaka 1927, kwa aloi ya fedha asilimia 50, shaba 40, nikeli 5 na zinki 5.

Afrika ya Mashariki, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilipewa kiwango cha chini zaidi. Sarafu yake ya florini ya 1920 ilikuwa na nusu ya fedha, lakini shilingi ya 1921, yenye sura ya simba mbele ya milima, ilikuwa na robo tu, ingawa shilingi 20 zilihesabiwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Kwa hiyo aliyelipwa ujira Mombasa au Tanga alipokea fedha kidogo kuliko iliyokuwa katika shilingi ya London, na tofauti hiyo haistahili kupuuzwa na mwanahistoria. Uingereza iliiondoa fedha katika sarafu zake za kawaida mwaka 1947, na shilingi ya Afrika ya Mashariki ikafuata mwaka 1948, ikitengenezwa kwa shaba na nikeli.