Waelimishaji wa Uzazi chini ya Dekreti ya 1933

Tarehe 25 Juni 1933, utawala wa Kibelgiji ulitoa dekreti iliyokataza kuonyesha, kuuza na kugawa kitu chochote kilichokusudiwa kuzuia mimba, na hata kukitangaza. Wakati ule wakubwa wa koloni walihofia upungufu wa watu, na makampuni yalihitaji vibarua. Uhuru ulipofika mwaka 1960, kifungu hicho kilibaki ndani ya sheria ya makosa ya jinai. Msomaji asilisahau jambo hili, maana waelimishaji wote tunaowataja hapa walifanya kazi huku kifungu hicho kikiwa juu ya vichwa vyao.

Mnamo Desemba 1972, Rais Mobutu alihutubia wabunge kuhusu kile alichokiita kwa Kifaransa « naissances désirables », yaani uzazi unaotakikana. Kamati ya taifa yenye jina hilo iliundwa Februari 1973. Jina hilo lastahili kutazamwa. Jirani zetu wa Tanzania walisema « uzazi wa mpango », nalo neno mpango laelekea upande wa kupunguza. Neno la Zaire lilikuwa na milango miwili. Uchunguzi wa hesabu ya watu wa 1955 hadi 1957, aliouongoza Anatole Romaniuk, ulikuwa umeonyesha kwamba katika sehemu kama Uele na Tshuapa wanawake wengi mno walizeeka bila mtoto. Muuguzi ambaye angefika huko na habari za kupunguza uzazi tu, nani angemkaribisha? Kwa jina la uzazi unaotakikana aliweza kuketi na mama wa watoto kumi, kisha akaketi na mgumba, bila kujipinga. Kwa maoni yetu, neno hilo lilisaidia kazi kuliko hotuba yenyewe. Dekreti lakini haikufutwa, ilifumbiwa macho.

Ndipo ukaja ugonjwa wa sida. (Neno ukimwi, lililotungwa Tanzania, halikushika mizizi kwetu, watu walibaki na la Kifaransa.) Mwaka 1984 Projet SIDA ilianza mjini Kinshasa, katika Hospitali ya Mama Yemo, Wizara ya Afya ikishirikiana na wataalamu wa Marekani na Ubelgiji. Mjini watu walifanya mzaha kwamba herufi za sida ni ugonjwa wa kubuniwa ili kuwavunja moyo wapendanao. Mwaka 1987 Franco mwenyewe aliimba kuuonya umma, na mwanamuziki alisikika mahali ambapo daktari hakusikika.

Kazi iliyo bora zaidi ilifanyika katika kliniki ya Matonge, kati ya 1988 na 1991, pamoja na wanawake waliojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Wanawake 531 ambao hawakuwa na virusi walifuatwa. Kila mwezi walipimwa na kutibiwa maradhi ya zinaa, wakazungumza na waelimishaji mmoja mmoja na kwa vikundi, wakapewa kondomu. Waliozitumia kwa kawaida walikuwa asilimia 11 mwanzoni. Baada ya miaka mitatu wakawa asilimia 68. Maambukizo mapya yalishuka kutoka 11.7 hadi 4.4 kwa wanawake 100 kwa mwaka. Wakati huohuo, mauzo ya kondomu za Prudence nchini yalipanda kutoka 900,000 mwaka 1988 hadi milioni 18.3 mwaka 1991. Kwa herufi ya sheria, kila pakiti ilikuwa kosa.

Septemba 1991 askari walipora mji. Wageni waliondoka, Projet SIDA ikafungwa. Majedwali yaliyochapishwa baadaye yanawahesabu wanawake wa Matonge kwa desimali, lakini wauguzi waliowafundisha kudai kondomu mbele ya mteja mwenye pesa hawahesabiwi popote. Historia yao ingali mikononi mwa wale wanaowakumbuka, nao wanazeeka.

Ilipasa kungoja hadi tarehe 13 Desemba 2018, miaka 85 baada ya dekreti, ndipo sheria nambari 18/035 ya afya ya umma ikaruhusu uzuiaji wa mimba. Iliongeza kwamba mume na mke wasipopatana juu ya njia ya kutumia, matakwa ya yule atakayeitumia ndiyo yanayoshinda.